Skafu na Vazi la Mtindo wa Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ya wanaopenda kuvaa kwa mtindo wa zamani, hasa ule wa Ulaya na Marekani wa kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1970, ambao ndio chimbuko la skafu nyingi nzuri zinazopatikana leo kwenye mitumba.

Kwa nini skafu inapewa uzito mkubwa kuliko mkoba, viatu au hereni?

Kwa sababu skafu hukaa karibu na uso, na anayekutazama huanza na uso. Gauni lako linaweza kuwa limeshonwa mwaka huu na viatu vikawa vya dukani, lakini skafu iliyochaguliwa vizuri na kufungwa kwa namna ya enzi yake huvifanya vyote vionekane vya wakati mmoja. Kinyume chake pia ni kweli, kwani gauni halisi la mwaka 1952 likivaliwa na skafu pana ya kisasa yenye nyuzi zinazoning'inia pembeni, vazi zima hupoteza mwelekeo.

Zaidi ya hapo, skafu ya zamani ilikuwa na kazi ya kufanya. Ililinda nywele zilizotengenezwa saluni zisivurugwe na upepo wa gari lisilo na paa, ilizuia nywele zisinaswe na mashine kiwandani, na ilibadilisha sura ya gauni lilelile pale nguo zilipokuwa adimu. Uingereza iligawa nguo kwa kuponi kuanzia tarehe 1 Juni 1941 hadi Machi 1949, na katika miaka hiyo mwanamke aliyekuwa na gauni moja la heshima na vitambaa viwili vya shingoni aliweza kutoka nyumbani akiwa na sura tofauti kila mara. Anayevaa skafu akiikumbuka kazi hiyo huifunga vizuri zaidi kuliko anayeitundika shingoni kama pambo tu.

Nianze kuchagua kwa kuangalia nini: rangi, ukubwa au kitambaa?

Anza na enzi ya vazi lako, kisha ukubwa, kisha kitambaa, na rangi iwe ya mwisho. Wengi huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayovutia kwanza, wakaishia na skafu inayolingana na gauni lakini haifungiki kwa namna yoyote inayolifaa.

Skafu ya mraba yenye sentimita 45 hadi 55 kila upande ni ya shingoni, na hukubali fundo moja dogo tu. Yenye sentimita 65 hadi 75 hufaa shingoni na kichwani kwa mtu mwenye nywele fupi au zilizolala. Yenye sentimita 90 ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko zote, kwani hufunika kichwa, hufungwa chini ya kidevu, huvaliwa mabegani, hukunjwa kuwa mkanda wa kiunoni, na hata hufungwa kwenye mpini wa mkoba. Kama una fedha ya kununua skafu moja tu, nunua ya sentimita 90.

Skafu za kila muongo zilikuwaje?

Miaka ya 1920 ilipenda skafu ndefu na nyembamba ya hariri au shifoni (kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga), iliyoning'inia kutoka shingoni hadi karibu na magoti, au iliyofungwa kuzunguka paji la uso kwa mavazi ya jioni. Inakwenda na gauni lisilobana kiuno, na haiendi na kitu kingine chochote.

Katika miaka ya 1930 magauni yalikatwa kwa mshazari yakaufuata mwili, na skafu ikapungua ikawa pembetatu ndogo shingoni wakati wa mchana. Mwaka 1937 kampuni ya Hermès ya Paris ilitoa skafu yake ya kwanza ya mraba ya hariri, na kipimo chake cha sentimita 90 kwa 90 kikawa ndicho ambacho wengine wengi walikifuata baadaye.

Miaka ya 1940 inahitaji kuelezwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu ndiyo inayoigwa sana na ndiyo inayokosewa sana. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya hariri ilitoka Japani. Vita vilipoanza, biashara hiyo ilikatika na hariri iliyobaki ikaelekezwa kwenye matumizi ya kijeshi kama vile miavuli ya kurukia kutoka ndegeni (parachuti). Skafu nyingi za wakati huo kwa hiyo ni za rayoni (nyuzi zinazotengenezwa kwa massa ya miti) au pamba, na anayedai hariri tupu kwa vazi la mfanyakazi wa kiwandani wa mwaka 1943 anajisumbua bure. Kampuni ya Jacqmar ya London ilichapa skafu zenye kaulimbiu na picha za vita, ambazo leo hutafutwa sana na wakusanyaji. Idara ya siri ya Uingereza ya MI9 ilichapa ramani kwenye hariri na rayoni ili marubani walioangushwa waweze kuzificha mwilini, na vita vilipokwisha ramani zilizobaki ziliuzwa na kushonwa kuwa nguo. Kwa upande wa kichwa, kilemba ndicho kilichotawala. Bango la kuwahamasisha wafanyakazi wa kiwandani, lililochorwa na Mmarekani J. Howard Miller mwaka 1943, lenye mwanamke aliyekunja mkono na kufunga kitambaa chekundu chenye madoa meupe, limewafanya watu wadhani kwamba kitambaa hicho peke yake kinatosha kuwa vazi la miaka ya 1940. Kinafaa, lakini kwa ovaroli na shati la kazi. Kwa gauni la kutokea, chagua maua madogo au rangi moja iliyotulia. Baada ya vita, mchapaji wa vitambaa Zika Ascher aliwaomba wasanii wakubwa, wakiwemo Henri Matisse na Henry Moore, wamchoree skafu, na hapo kitambaa cha kichwani kikaanza kuhesabiwa kuwa kazi ya sanaa.

Miaka ya 1950 ni ya skafu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa shingo, pamoja na sketi pana na sweta fupi, au iliyozungushiwa nywele zilizokusanywa nyuma. Shifoni nyepesi inayoonyesha ngozi ni sahihi hapa, na nailoni pia.

Miaka ya 1960 ilileta kichwani skafu kubwa iliyokunjwa pembetatu. Malkia Elizabeth II aliivaa kwa miongo mingi akiwa na farasi na mbwa wake, fundo likiwa chini ya kidevu; Jacqueline Kennedy, mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, aliivaa pamoja na miwani mikubwa ya jua. Upande wa rangi, mbunifu wa mavazi Emilio Pucci wa Florence, Italia, alichapa michoro ya mawimbi yenye rangi kali, na kwa kawaida jina lake la kwanza limeandikwa kwa mwandiko mdogo ndani ya mchoro wenyewe.

Miaka ya 1970 ni ya skafu iliyolazwa juu ya paji la uso na kufungwa kisogoni, au nyembamba ndefu inayoachwa ining'inie. Poliesta, ambayo kwa miongo iliyotangulia ingekuwa kasoro, hapa ni sahihi kabisa, hasa ikiwa ya kahawia, ya rangi ya machungwa au ya haradali.

Kilemba cha miaka ya 1940 kinafungwaje?

Chukua kitambaa cha mraba cha sentimita 75 hadi 90, cha pamba au rayoni, kwa kuwa hariri huteleza. Kikunje pembetatu. Weka ukingo mrefu kisogoni, chini kabisa mahali nywele zinapoishia, ili ncha ya pembetatu ije mbele na kuangukia kwenye paji la uso. Zipandishe pembe mbili za pembeni nyuma ya masikio, zikutane juu ya paji, kisha ufunge fundo moja juu ya ile ncha. Kaza, ufunge la pili. Sasa irudishe ncha juu ya mafundo, uichomeke nyuma yake, na mwisho uzichomeke pembe mbili pande zote ili kusibaki masikio ya kitambaa yaliyosimama.

Wanawake waliozoea kufunga kilemba cha kitenge hufanya kosa moja mara kwa mara, nalo ni kukipandisha juu mno. Kilemba cha enzi hii hulala karibu na kichwa, fundo lake ni dogo, na nywele za mbele huachwa zionekane zikiwa zimeviringishwa. Kikisimama, kinakuwa kilemba cha sherehe, ambacho ni kizuri lakini ni cha vazi jingine.

Na ile ya chini ya kidevu? Inanizeesha.

Huzeesha inapobana uso na inapofungwa hasa katikati ya koo. Isogeze nyuma ili sentimita tatu au nne za nywele za mbele zionekane, na ulegeze fundo lishuke kidogo. Kama bado haikupendezi, pembe zipitishe chini ya kidevu bila kuzifunga, zizungushe hadi kisogoni, na uzifungie huko juu ya kitambaa. Hii ndiyo namna iliyopendwa na waigizaji wa filamu walipokuwa kwenye magari ya wazi, na kwa maoni yangu ndiyo inayopendeza nyuso nyingi kuliko zote, kwa kuwa huonyesha shingo na haibani taya.

Nywele zangu ni za asili na mara nyingi nimesuka. Je, mitindo hii inawezekana?

Inawezekana, mradi uongeze ukubwa. Maelezo mengi ya zamani yaliandikwa kwa nywele zilizolala, kwa hiyo panapotajwa sentimita 65 wewe tumia 90, na panapotajwa 90 tafuta 100 au 110. Mwenye nywele za asili zilizojaa huzikusanya juu na mbele, akafunga kilemba kwa nyuma na pembeni tu, nywele zenyewe zikachukua nafasi ya zile za mbele zilizoviringishwa. Matokeo yake yanafanana sana na mitindo ya 1940, na hayahitaji pasi ya nywele. Aliyesuka mistari ana bahati ya kuwa na kichwa kilicho laini kwa umbo, na skafu ya 1970 ya kufunga kisogoni humkaa bila shida. Aliyesuka rasta nene azikusanye chini kisogoni kwanza, kisha afunge skafu juu yake.

Pamba hunyonya mafuta ya nywele na kuzikausha, kwa hiyo weka kitambaa chembamba cha satini ndani. Pia kitaizuia skafu ya thamani isichafuliwe na mafuta.

Ninavaa ushungi. Je, ninaweza kuvaa kwa mtindo wa zamani?

Ndiyo, na miaka ya 1950 na ya 1960 inakufaa zaidi, kwa kuwa gauni la mikono mirefu lenye kola, kiuno kilichokatwa na sketi pana inayoshuka chini ni rahisi kushonesha kwa fundi. Anza na kofia ya ndani ya pamba inayofunika nywele zote na shingo, yenye rangi moja na gauni. Juu yake funga skafu ya sentimita 110 yenye mchoro wa enzi hiyo, ukizipitisha pembe chini ya kidevu na kuzifunga kisogoni. Kwa kuwa kofia ya ndani inafanya kazi ya kusitiri, skafu inabaki huru kukaa jinsi ilivyokaa katika picha za zamani. Epuka kuongeza mkunjo juu ya mkunjo, kwani mtindo wa miaka ile ulikuwa na mistari michache iliyo wazi.

Nioanisheje rangi na michoro?

Chagua skafu yenye rangi moja iliyomo ndani ya gauni na nyingine isiyokuwamo. Skafu iliyokatwa kwenye kitambaa kilekile cha gauni ilikuwepo, lakini leo huonekana kama sare. Gauni lenye maua makubwa litake skafu yenye rangi moja au madoa madogo. Gauni la rangi moja ndilo linaloipa nafasi skafu yenye picha. Jambo linalosahaulika ni kwamba skafu iliyofungwa haionyeshi katikati yake bali pembe na pindo. Kwa hiyo dukani ikunje kwanza, iweke shingoni, na utazame kile kitakachoonekana. Nimeziona skafu zenye picha nzuri mno katikati ambazo zikifungwa zinabaki na ukingo wa rangi ya kijivu tu.

Nitaitambuaje skafu ya zamani kweli kwenye mitumba?

Katika masoko kama Karume la Dar es Salaam, Gikomba la Nairobi na Kongowea la Mombasa, skafu mara nyingi huchanganywa na mitandio, tai na vitambaa vya meza, na muuzaji huwa hana sababu ya kuzitenganisha kwa umri. Anayejua cha kutafuta hupata hazina kwa bei ya kawaida.

Shika pindo kwanza. Skafu nzuri za hariri zilipindwa kwa mkono: ukingo umeviringishwa, ukiupitisha kati ya vidole unausikia umejaa, na mishono ni midogo lakini hailingani kwa usawa kamili. Pindo la mashine ni bapa na mshono wake umenyooka. Hermès hupindia ukingo upande wa mbele, wenye mchoro. Pindo la mkono peke yake halithibitishi umri, kwani bado linafanywa hadi leo, lakini linathibitisha kuwa aliyeitengeneza hakufanya haraka.

Kisha soma lebo, kama ipo. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwezi Machi 1960 ilitaka bidhaa za nguo, skafu zikiwemo, zitaje aina ya nyuzi, kwa hiyo skafu ya Kimarekani yenye lebo isiyotaja nyuzi huenda ni ya kabla ya hapo. Lebo inayotaja Japani iliyokaliwa kijeshi ("Occupied Japan") haivuki mwaka 1952, na inayotaja Ujerumani Magharibi ni ya kati ya 1949 na 1990. Tafuta pia saini ndani ya mchoro. Vera Neumann, mbunifu wa Marekani aliyewahi kuchapa kwenye hariri ya miavuli iliyobaki baada ya vita, alitia saini ya jina lake la kwanza kwenye skafu zake, na nyingi zina kidudu chenye madoa mgongoni kando ya jina hilo. Skafu zake si adimu, ni za ubora mzuri, na ningemshauri anayeanza azitafute hizo kabla ya majina makubwa.

Nitajuaje kama ni hariri?

Chomoa uzi mmoja kutoka ukingoni na uuchome mbali na kitambaa. Hariri hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika kati ya vidole. Rayoni hunuka karatasi iliyoungua. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji asipokuruhusu kuchomoa uzi, ana haki yake. Ikusanye skafu mkononi kwa sekunde chache, na kama ni hariri utaihisi ikipata joto la mwili upesi.

Niioshe na kuipiga pasi vipi?

Kabla ya kuosha, lowanisha kona ya kitambaa cheupe na uibonyeze kwenye rangi iliyokolea kuliko zote, hasa nyekundu na bluu nzito. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, usiitie skafu majini; mpelekee dobi anayesafisha bila maji. Isipohamia, tumia maji baridi na shampuu kidogo ya nywele, uizungushe taratibu bila kuisugua, uisuuze mpaka maji yawe meupe, kisha uiviringishe ndani ya taulo na kukandamiza. Usiikamue kwa kuisokota. Ianike kivulini, kwani jua la moja kwa moja hudhoofisha hariri na kufifisha rangi.

Pasi iwe ya joto dogo, skafu ikiwa na unyevu bado, upande wa nyuma ukielekea juu. Pasi iishie kabla ya kufika ukingoni, ili pindo lililoviringishwa lisibanwe likawa bapa. Manukato yatie ngozini na uyaache yakauke kwanza. Doa usilijaribu kwa kiondoa rangi ya kucha, kwa sababu skafu nyingi za katikati ya karne iliyopita ni za asetati, kitambaa kinachofanana na hariri, na asetoni iliyomo katika kiondoa rangi hicho huyeyusha kitambaa hicho mbele ya macho yako.

Wanaume nao?

Wana nafasi yao. Skafu ndogo ya hariri iliyochomekwa ndani ya kola iliyofunguliwa kifungo kimoja ni ya mchana ya miaka ya 1930 hadi ya 1960, na skafu ndefu nyeupe ya hariri ni ya suti nyeusi ya jioni.

Je, ninaweza kutumia kanga au kitenge badala ya skafu?

Kitenge chepesi kilichokatwa mraba wa sentimita 80 hufanya kilemba kizuri cha 1940, kwa kuwa ni pamba na hakitelezi. Kanga ningeomba usiikate. Ina mji wake, pindo lake na maneno yake, na ikikatwa vipande inapoteza vyote vitatu. Anayetaka mtindo wa zamani wa pwani avae doti yake nzima, kama ilivyokusudiwa, nalo ni vazi kamili lisilohitaji kukopa kitu kutoka Paris.

Je, kuna hatari yoyote ya kuvaa skafu ndefu?

Ipo, na si ya kupuuza. Mcheza dansi Isadora Duncan alifariki mjini Nice mwezi Septemba 1927 baada ya skafu yake ndefu kunaswa na gurudumu la gari la wazi alimokuwa ameketi. Abiria wa bodaboda au bajaji yuko katika hatari ileile. Kabla ya kupanda, ivue skafu uitie mkobani, au zichomeke ncha zake zote ndani ya koti na ufunge vifungo.

Skafu yangu ina tundu, au imeanza kupasuka. Niitupe?

Tundu dogo lililo mbali na pindo halina madhara, kwani unaweza kuikunja skafu ili tundu libaki ndani, au kuchagua pembe iliyo nzima iwe ndiyo ya mbele. Kona iliyochakaa hupewa kazi ya kufichwa chini ya fundo. Pini ya mapambo ichomekwe mahali palepale palipokwisha kutobolewa, usiongeze matundu mapya. Lakini hariri inayopasuka yenyewe kwenye mikunjo, bila kuvutwa, imeoza kwa ndani, na hakuna fundi atakayeirudisha. Hiyo usiifunge tena kichwani. Izungushe kwenye karatasi nyeupe isiyo na asidi bila kuikunja, au itie kwenye fremu yenye kioo mbali na dirisha, na utafute nyingine ya kuvaa.